Maumivu ya muundi, kisigino na wayo kwa wanaokimbia na kuruka: mwongozo kamili wa kutambua, kutibu na kurudi mazoezini

Mwanariadha anayelalamika kwamba anaumwa mguu chini ya goti hupewa majibu ya aina mbili na watu wanaomzunguka. Wa kwanza humwambia apumzike mpaka apone, na wa pili humwambia avumilie kwa kuwa maumivu ni sehemu ya mazoezi. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, na kila mmoja anaweza kumharibia msimu mzima, kwa sababu jibu hutegemea ni kitu gani hasa kilichoumia. Mfupa ulioanza kuingia ufa hupona kwa kupumzishwa, na mwenye nao akiendelea kukimbia unaweza kuvunjika kabisa. Kano, yaani utepe mgumu unaounganisha msuli na mfupa, ikielemewa huenda kinyume chake: ikipumzishwa moja kwa moja huzidi kudhoofika, na hupona kwa kubebeshwa uzito kidogo kidogo kwa utaratibu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutofautisha, na matibabu hufuata.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wakimbiaji, warukaji, wachezaji wa netiboli, mpira wa wavu na mpira wa kikapu, pamoja na walimu wa michezo shuleni, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuombwa ushauri mtoto anapochechemea. Hauchukui nafasi ya daktari, na hatua ya kwanza inahusu wakati ambao daktari anahitajika bila kusubiri.

Hatua ya kwanza: hakikisha hakuna dharura

Kabla ya kufikiria barafu, bendeji au mazoezi, angalia mambo manne.

La kwanza ni kuvunjika kwa mfupa baada ya kifundo cha mguu kuteguka. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa nchini Kanada walichapisha kanuni rahisi ambazo hadi leo hutumika katika vyumba vya dharura duniani kote, na zina faida kubwa zaidi pale ambapo picha ya eksirei inalipiwa kutoka mfukoni. Mwenye maumivu kifundoni apigwe picha ikiwa anaumia akibonyezwa kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya mojawapo ya mifupa miwili inayotokeza pande za kifundo, katika sentimita 6 za mwisho. Kama maumivu yako katikati ya mguu, bonyeza sehemu mbili: kwenye tako la mfupa unaoelekea kidole kidogo, yaani ule uvimbe wa mfupa unaoguswa katikati ya ukingo wa nje wa mguu, na kwenye mfupa ulio upande wa ndani mbele ya kifundo. Mojawapo ya sehemu hizo mbili ikiuma, picha ipigwe. Vilevile picha ipigwe ikiwa mtu alishindwa kupiga hatua 4 mara tu baada ya kuumia na bado anashindwa anapofika hospitalini. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa ni kutembea. Kanuni hizi hazifai kwa mtu aliyelewa, aliyepoteza fahamu au asiyehisi vizuri miguuni, kama baadhi ya wagonjwa wa kisukari.

La pili ni kukatika kwa kano kubwa ya kisigino, ile inayojulikana kama kano ya Akilesi. Aliyekatikiwa mara nyingi husema alisikia mlio, akageuka nyuma akidhani amepigwa teke, na hakuona mtu. Mlaze kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha minya kigimbi kwa mkono mmoja. Kwa mguu mzima, yaani usioumia, wayo husogea wenyewe kuelekea chini. Wayo usiposogea, chukulia kwamba kano imekatika na umpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama anaweza kutembea. Wengi hutembea, na ndiyo maana wengi huambiwa ni mshtuko wa msuli tu na kupoteza wiki za thamani.

La tatu ni shinikizo ndani ya misuli ya muundi baada ya pigo kubwa au kuvunjika. Mguu hukaza kama ubao, maumivu huzidi saa kwa saa kupita kiasi cha jeraha lenyewe, na kukunja au kunyoosha vidole humfanya mtu apige kelele. Hapa hesabu ni ya saa, si ya siku. Fungua bendeji yoyote na umkimbize hospitali yenye daktari wa upasuaji.

La nne ni damu iliyoganda ndani ya mshipa wa kigimbi. Kigimbi kimoja kuvimba, kuwa na joto na kuuma bila kuumia popote, hasa baada ya safari ndefu ya basi au ndege kwenda mashindanoni, si jambo la kuchua. Kuchua kunaweza kusukuma donge la damu hadi kwenye mapafu.

Hatua ya pili: tafuta maumivu kwa kidole kimoja

Keti kwenye kiti kifupi, kunja suruali mpaka gotini, na weka mguu mahali penye mwanga. Usioneshe maumivu kwa kiganja kizima. Tumia ncha ya kidole gumba. Anzia chini, kwenye mfupa unaotokeza upande wa ndani wa kifundo, kisha panda polepole ukibonyeza ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, sentimita moja baada ya nyingine. Fanya hivyo kwa mguu usiouma pia, kwa sababu karibu kila mkimbiaji huumia kidogo akibonyezwa pale, na kinachotafutwa ni tofauti kati ya miguu miwili.

Maumivu yaliyotandaa kwa urefu wa zaidi ya sentimita 5 kwenye ukingo huo, katika theluthi mbili za chini za muundi, ni dalili ya muundi uliochoshwa na kukimbia, tatizo la kawaida kabisa kwa wanaoanza na kwa wanaorudi kutoka likizo. Maumivu yaliyokusanyika mahali pamoja padogo kuliko sarafu, yanayomfanya mtu avute mguu ghafla, ni dalili ya ufa wa mfupa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Baada ya mahali, uliza wakati. Maumivu ya mfupa huanza mapema zaidi kila siku na kuzidi kadiri unavyokimbia, na baadaye huuma hata ukiwa umelala. Kano hukakamaa asubuhi, hulegea ukipata joto, kisha hulipiza kisasi jioni au kesho yake. Utando wa chini ya wayo huuma sana katika hatua za kwanza unapotoka kitandani. Kuna pia shinikizo la misuli linalotokana na mazoezi yenyewe: mguu huanza kubana baada ya dakika zilezile za kukimbia kila siku, wakati mwingine wayo hufa ganzi, na kila kitu hutoweka muda mfupi baada ya kusimama. Anayeeleza habari hiyo amwone daktari wa mifupa, kwa sababu vipimo vyake ni vya pekee na picha za kawaida hazioneshi kitu.

Hatua ya tatu: tibu kilichoumia

*Muundi uliochoshwa.* Punguza mbio mpaka kiwango ambacho maumivu hayazidi, na badilisha siku kadhaa kwa baiskeli au kukimbia ndani ya maji ya kina. Wakati huohuo imarisha vigimbi kwa kunyanyua visigino, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa, kwa kuwa msuli wa ndani wa kigimbi ndio unaopunguza mvutano kwenye mfupa huo na hufanya kazi zaidi goti likiwa limekunjwa. Ongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10 bila kuongeza kasi. Hatua fupi hupunguza kishindo cha kila mguu unapotua, na haigharimu senti.

*Ufa wa mfupa.* Hapa ndipo ninapoomba msomaji awe mkali na nafsi yake. Eksirei inayopigwa wiki 2 au 3 za mwanzo mara nyingi haioneshi chochote, na mwanariadha hurudi uwanjani akiwa na karatasi inayosema mfupa ni mzima huku ufa ukiendelea kupanuka. Kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ndicho kinachoona mapema. Kama hakipatikani au ni ghali, chukulia kwamba ufa upo, acha kukimbia na kuruka, na urudie eksirei baada ya wiki 2 au 3, wakati mfupa mpya unaweza kuwa umeanza kuonekana.

Si nyufa zote zina uzito sawa. Ufa wa ukingo wa ndani wa muundi, au wa mifupa ya katikati ya mguu inayoelekea kidole cha pili na cha tatu, kwa kawaida hupona kwa wiki 6 hadi 8 za kupumzika kutoka kwenye mbio, na wengi huruhusiwa kutembea. Lakini kuna sehemu tatu zisizosamehe. Moja ni ukingo wa mbele wa muundi katikati, ambako warukaji huumia kwa kuwa mfupa hapo huvutwa kila wanapoagana na ardhi. Nyingine ni ule mfupa wa upande wa ndani mbele ya kifundo, ambao damu huufikia kwa shida. Ya tatu ni karibu na tako la mfupa wa kidole kidogo. Nyufa za sehemu hizi huchelewa kuunga, nyingine hazitaki kuunga kabisa, na matibabu yake ni magongo bila kukanyaga kwa wiki kadhaa au upasuaji. Ukiumia ukibonyezwa hapo, usisubiri mashindano yapite.

*Kano ya Akilesi.* Mkimbiaji wa Kichina Liu Xiang, bingwa wa Olimpiki wa mita 110 kuruka viunzi mwaka 2004, alijitoa katika mashindano ya Beijing mwaka 2008 kabla hajaruka kiunzi hata kimoja kwa sababu ya maumivu ya kano hii. Mwaka 2012 mjini London alianguka kwenye kiunzi cha kwanza, na kano ikakatika. Kano hii hubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili katika kila hatua ya mbio, na tiba yake ni kuiwezesha kuubeba mzigo huo tena.

Njia iliyojaribiwa zaidi ilichapishwa na daktari wa Uswidi Håkan Alfredson mwaka 1998. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, ukishika ukuta. Panda kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shusha kisigino polepole mpaka kipite usawa wa ngazi. Rudia mara 15, mizunguko 3, goti likiwa limenyooka. Kisha mizunguko 3 mingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Hufanywa mara 2 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12, na uzito huongezwa kwa mkoba wenye mchanga pindi zoezi linapokuwa jepesi. Ikiwa maumivu yako ni pale kano inaposhika mfupa wa kisigino, usishuke chini ya usawa wa ngazi. Fanyia kwenye sakafu tambarare, kwa sababu kushusha kisigino sana hubana kano dhidi ya mfupa.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Kipimo kinachofaa ni hiki: ukiyapa maumivu alama kutoka 0 hadi 10, yasizidi 5, na kesho asubuhi mguu usiwe umekakamaa kuliko jana. Ukikakamaa zaidi, punguza uzito, lakini usiache.

*Utando wa chini ya wayo.* Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, keti kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole na uvivute kuelekea muundi mpaka uhisi utando umekaza chini ya wayo. Shikilia sekunde 10, rudia mara 10, na fanya hivyo mara 3 kwa siku. Baadaye ongeza zoezi la nguvu: kunja taulo, weka vidole juu yake ili viinuke, kisha nyanyua kisigino kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Ndani ya nyumba usitembee peku kwenye sakafu ya saruji kipindi hicho. Tatizo hili huisha kwa wengi, lakini kwa miezi, si kwa siku.

*Kifundo kilichoteguka.* Siku 2 au 3 za kwanza, funga bendeji ya kuvutika, inua mguu juu ya usawa wa moyo, na weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 20 ikiwa inakutuliza. Desturi yetu ya kukanda kwa maji ya moto na kumwita mchuaji siku hiyohiyo huongeza damu inayovuja ndani na kufanya uvimbe uwe mkubwa zaidi. Najua wazee wanaofanya hivyo hufanya kwa upendo, lakini waombwe wasubiri. Kuanzia siku ya tatu, anza kukanyaga kadiri unavyoweza, na andika herufi hewani kwa ncha ya mguu.

Kosa kubwa zaidi hutokea baadaye, uvimbe unapoisha. Aliyeteguka mara moja ndiye aliye hatarini zaidi kuteguka tena, kwa sababu nyuzi zinazoshikanisha mifupa ya kifundo zikivutika hupoteza uwezo wa kuutambulisha ubongo jinsi mguu ulivyokaa. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30 ukipiga mswaki, halafu ukiwa umefumba macho, halafu juu ya mto, kila siku kwa wiki kadhaa. Wachezaji wa netiboli na kikapu wavae kishikizo cha kifundo mechini kwa muda wa miezi 6 hadi 12.

*Kigimbi kilichochanika.* Mchomo wa ghafla sehemu ya juu ya ndani ya kigimbi wakati wa kuchomoka ni msuli uliochanika. Pumzisha siku chache, tembea, kisha nyanyua visigino hatua kwa hatua.

*Watoto.* Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayeumia kisigino baada ya michezo, na anayeruka ukikibana kwa pande zote mbili, kwa kawaida ana maumivu ya sehemu ya mfupa inayokua. Punguza kukimbia na kuruka, mwekee kipande cha sponji chini ya kisigino ndani ya kiatu, na usimkaze kushindana kwa ajili ya heshima ya shule. Hali hii huisha mfupa ukimaliza kukua.

Hatua ya nne: tazama dawa unazotumia

Kuchoma sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, asubuhi ya mbio ni mazoea ninayoyaona kuwa ya hatari. Dawa hiyo huzima kengele pekee inayoweza kukuambia kwamba mfupa unapasuka, na katika mbio ndefu, mwili ukiwa umepungukiwa na maji, huongeza hatari ya kudhuru figo. Sindano za steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, zisipigwe kwenye kano ya Akilesi, kwa kuwa zinahusishwa na kukatika kwake. Tahadhari nyingine haisemwi sana madukani mwetu: siprofloksasini na viuavijasumu vya jamii yake vinaweza kudhoofisha kano hata kuikata. Tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka onyo hilo liandikwe wazi kwenye maelezo ya dawa hizo. Mwanariadha anayeandikiwa dawa hiyo amweleze daktari kazi anayoifanya, aulize kama kuna nyingine, na akihisi maumivu kisiginoni aache kukimbia na arudi kwa daktari mara moja.

Hatua ya tano: ondoa kilichosababisha

Mara nyingi chanzo ni mabadiliko ya ghafla: kutoka likizo kwenda kambini, kutoka barabara ya vumbi kwenda lami, kutoka raba kwenda viatu vya miiba, au shule inayofanya mazoezi kila siku kwa wiki mbili kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, baada ya miezi ya kukaa tu. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Urefu wa mbio moja usipite kwa ghafla ule mrefu zaidi uliokimbia mwezi uliopita.

Raba za mtumba zinafaa, ila zikaguliwe. Iweke kila moja juu ya meza tambarare na uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelalia upande mmoja, aliyeivaa kwanza ameshaigeuza na itakugeuza wewe. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu na yenye mikunjo mingi ubavuni, mto wake umekwisha hata kama sehemu ya juu inang'aa.

Mwisho ni chakula. Mwili usiopata nishati ya kutosha huacha kujenga mfupa. Msichana anayefanya mazoezi na kukosa hedhi kwa miezi 3 au zaidi hajapata unafuu, bali mifupa yake iko hatarini, na mwalimu wa kike au mzazi amfikishe hospitali kwa faragha na heshima. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage na wanga wa kutosha vina thamani kuliko unga wowote wa kopo.

Hatua ya sita: rudi kwa vipimo, si kwa tarehe

Tembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu yoyote, wakati huo na kesho yake. Kisha nyanyua kisigino kwa mguu mmoja, ukilinganisha na ule mzima. Lenga mara 20 hadi 25 kwa kila mguu. Ukifaulu, anza kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2 kwa dakika 20, siku moja kukimbia na siku moja kupumzika, ukirefusha vipindi vya kukimbia taratibu. Kwa ufa wa mfupa, maumivu yoyote mahali pale yanakurudisha nyuma hatua moja. Kwa kano, tumia kile kipimo cha 5 kati ya 10.

Warukaji wana njia ndefu zaidi, kwa sababu kutua katika miruko mitatu huweka mguuni nguvu inayozidi mara 10 ya uzito wa mwili. Anza kwa kuruka kamba kwa miguu miwili kwenye nyasi, kisha kwa mguu mmoja, kisha kurukia boksi fupi, kisha kushuka kutoka kwenye boksi hilo, na ruhusu siku mbili kati ya kila zoezi la kuruka. Mbio za kuelekea shimo la mchanga zianze na hatua chache, na hatua kamili za mashindano, ukiwa umevaa viatu vya miiba, zije mwisho kabisa, baada ya mguu ulioumia kuruka mbele kwa umbali usiopungua asilimia 90 ya ule mzima.